Kumpeleka Mama Pompeii Mwezi wa Agosti

*"Ninaishi Ujerumani na mume wangu na watoto wetu wawili, wenye umri wa miaka 12 na 8. Mama yangu, mwenye miaka 68, atakuja kututembelea kutoka Tanga, na jambo moja tu aliloomba ni kuuona mji wa Pompeii, ambao aliwasimulia wanafunzi wake kwa miaka mingi alipokuwa mwalimu wa historia. Tumepanga kukaa Roma siku tano mwezi wa Agosti, kisha siku moja twende Pompeii na kurudi. Mama ana goti linalomsumbua na anatumia dawa za shinikizo la damu. Rafiki yetu aliyekwenda anasema pale ni mawe matupu na jua kali, saa mbili zinatosha. Mwanangu mdogo ameona picha za watu 'waliogeuka mawe' na sasa anaogopa; anauliza pia kama mlima ule unaweza kulipuka tukiwa pale. Na mimi mwenyewe sijui kama ni vema kwenda kutazama maiti za watu. Je, twende, au nimshawishi mama tuchague mahali pengine?"*

Nendeni, lakini msiende kwa mpango huo. Kwenda Pompeii kutoka Roma na kurudi siku hiyohiyo, katikati ya Agosti, pamoja na mzee mwenye goti bovu na mtoto wa miaka 8, ni safari inayowezekana kwenye karatasi tu. Hata hivyo, kabla ya kuzungumzia treni na viatu, ningependa kuanza na hofu ya mtoto wako na wasiwasi wako juu ya maiti, kwa sababu mambo hayo mawili yanatokana na dhana isiyo sahihi kuhusu kilichotokea, na ukikielewa kilichotokea utautazama mji wenyewe kwa namna nyingine.

Watu wa Pompeii hawakugeuka mawe, na mji wao haukufunikwa na lava. Dhana ya lava inaeleweka, hasa kwetu tunaozungumza Kiswahili, kwa kuwa volkano tuliyoizoea katika taarifa za habari ni Nyiragongo, ambayo mwaka 2002 lava yake ilipita katikati ya mji wa Goma na mwaka 2021 ikashuka tena hadi kwenye vitongoji vyake. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno na hutiririka kama maji mazito. Vesuvius, mlima ulioizika Pompeii, ni wa tabia nyingine. Mwamba wake ulioyeyuka ni mzito na wenye kunata, nao hubana gesi ndani yake. Gesi hiyo ikishindwa kutoka polepole, shinikizo huongezeka mpaka mwamba wote uvunjike vipandevipande na kurushwa juu kwa kishindo. Kwa hiyo kilichowafikia watu wa Pompeii mwaka 79 baada ya Kristo hakikuwa mto wa moto, bali vitu vilivyotoka angani, na baadaye mawingu mazito ya gesi na majivu ya moto yaliyoporomoka kwa kasi ubavuni mwa mlima.

Mambo hayo mawili yalitokea kwa kupishana, na kupishana huko ndiko kunakoeleza karibu kila kitu utakachokiona. Ulipuko ulianza mchana, ukainua nguzo ya majivu na gesi yenye kimo cha zaidi ya kilomita 30, na upepo ukaisukuma kuelekea kusini-mashariki, yaani juu ya Pompeii, iliyo takriban kilomita 10 kutoka mlimani. Kwa saa zipatazo 18 mji ulinyeshewa mawe mepesi yenye matundu, yale tunayosugulia gaga miguuni. Jiwe moja la aina hiyo halina madhara makubwa, lakini lilipofika rundo la karibu mita 3 mapaa yaliporomoka na kuwaua waliojificha chini yake. Wengi walikimbia katika saa hizo, ndiyo maana mabaki yaliyopatikana mpaka sasa ni ya watu zaidi ya 1,000, katika mji unaokadiriwa kuwa na wakazi kati ya 10,000 na 20,000. Waliobaki, na wale waliorudi wakidhani mambo yametulia, walikutwa asubuhi ya siku ya pili na mawingu ya majivu ya moto, na hao ndio ambao mwanao ameona maumbo yao.

Nasema maumbo, si maiti. Majivu laini yaliigandamiza miili, yakashika hata mikunjo ya nguo, kisha yakawa magumu. Miili ikaoza, ikabaki mifupa ndani ya nafasi tupu yenye sura ya mtu. Mwaka 1863 msimamizi wa uchimbuaji, Giuseppe Fiorelli, aliagiza kwamba kila nafasi tupu itakapokutwa, imiminwe jasi ya maji, iachwe ikauke, ndipo majivu yaondolewe. Sanamu nyeupe unazoziona katika picha ni jasi hiyo. Kwa mtoto wa miaka 8 ningeeleza hivyohivyo, bila kupamba na bila kuficha: kwamba watu walikufa, kwamba ni zamani sana, na kwamba anachokiona ni jasi iliyomiminwa mahali mtu alipokuwa amelala. Katika hali ya kawaida, mtoto huogopeshwa zaidi na picha aliyoikuta peke yake kwenye simu kuliko na kitu alichoelezwa na mtu mzima anayemwamini.

Kuhusu dhamiri yako, sitakuambia kwamba wasiwasi huo hauna msingi, kwa maana ndani ya maumbo mengi bado imo mifupa halisi ya binadamu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kuna namna ya heshima ya kutazama, na kuna namna ya kukosa adabu, nayo ni kujipiga picha huku unacheka mbele ya aliyekufa kwa kukosa hewa. Heshima nyingine, ambayo sisi wataalamu wenyewe tumechelewa kuijifunza, ni kutowatungia marehemu hadithi. Kwa miaka mingi wageni walionyeshwa umbo la mtu mzima mwenye bangili ya dhahabu akiwa na mtoto, wakaambiwa kwamba huyo ni mama na mwanawe. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mtu mzima huyo alikuwa mwanamume, na hakuwa na undugu wa damu na mtoto yule. Ikiwa bado moyo wako unasita, fahamu kwamba si lazima muyaone maumbo hayo. Wengi hupita Pompeii siku nzima bila kusimama mbele ya hata moja, na mji haupungui kitu.

Mama yako, kwa kuwa alikuwa mwalimu, huenda alifundisha kwamba ulipuko ulitokea tarehe 24 Agosti, tarehe inayotokana na nakala za barua ambazo Pliny Mdogo, aliyeushuhudia akiwa ng'ambo ya ghuba, alimwandikia mwanahistoria Tacitus. Mwambie kwamba mwaka 2018 yalipatikana maandishi ya mkaa katika ukuta wa nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa mlima ulipolipuka, yenye tarehe inayolingana na 17 Oktoba, na kwa kuwa mkaa hufutika haraka, wengi wetu sasa tunaona kwamba ulipuko ulikuwa wa vuli. Matunda ya msimu huo na nguo nzito zilizowahi kukutwa zilikuwa zimeshaleta shaka hiyo kabla. Mjadala haujafungwa, na nadhani mwalimu mstaafu ataufurahia kuliko zawadi yoyote ya dukani.

Sasa nije kwa rafiki yenu. Hakudanganya, aliona mawe matupu kwa sababu vitu vingi vilivyong'olewa tangu uchimbuaji ulipoanza mwaka 1748 vimo katika Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Napoli, ikiwemo mosaiki (picha ya vijiwe vya rangi) mashuhuri ya Aleksanda Mkuu vitani, ambayo pale Pompeii, katika Nyumba ya Fauno, kuna nakala yake tu. Anayekwenda Pompeii kutafuta vitu atarudi na kiu. Pompeii yenyewe ni mahali pa kuona jinsi mji ulivyofanya kazi. Tazameni barabara kwanza: zimechimbwa mifereji na magurudumu ya mikokoteni, na kila baada ya hatua kadhaa kuna mawe makubwa yaliyoinuliwa ili mtu avuke bila kukanyaga maji machafu, yakiwa yameachiwa nafasi magurudumu yapite katikati. Kwenye njia panda kuna mabirika ya maji ya umma, na ukingo wa baadhi yake umelika pale ambapo watu waliegemeza mkono vizazi kwa vizazi walipoinama kunywa. Kandokando ya barabara kuna vibanda vya chakula vyenye meza za mawe zilizotobolewa na kuwekwa mitungi ndani yake, kwa ajili ya watu ambao hawakuwa na jiko nyumbani. Watoto wataelewa hayo bila kuambiwa sana. Ukutani kulikuwa na matangazo ya uchaguzi ya rangi nyekundu, na miongoni mwake wapo wauza matunda waliojitangaza kumuunga mkono mgombea wao. Mengi yamefifia au kuhamishwa, lakini machache bado yanasomeka.

Mwisho wa barabara kuu upande wa mashariki upo uwanja wa duara wa mapigano, uliojengwa yapata mwaka 70 kabla ya Kristo, ambao ndio wa kale kuliko yote ya mawe tunayoifahamu. Mwaka 59 baada ya Kristo, mashabiki wa Pompeii na wa mji jirani wa Nuceria walianza kwa kutukanana humo na kuishia kuuana, na Roma ikaufungia mji michezo hiyo kwa miaka 10. Mume wako, kama ni mpenzi wa kandanda, hatahitaji maelezo zaidi.

Wapo pia watumwa, ambao waongozaji wengi huwataja kwa haraka. Katika duka la mikate lililochimbuliwa hivi karibuni, na kutangazwa mwaka 2023, madirisha madogo yalikuwa na nondo, na sakafu ilikuwa na alama za kuongoza mizunguko ya punda waliofungwa macho ili wazungushe mawe ya kusagia. Watu waliofanya kazi humo walikuwa wamefungiwa pamoja na wanyama hao. Mtu wa pwani yetu, aliyekulia karibu na Pangani au Bagamoyo, ana haki ya kuuliza swali hilo katika kila nyumba nzuri atakayoingia: nani aliyeisafisha, na alilala wapi?

Na kwa kuwa mama yako anatoka Tanga, kuna uzi mwingine wa kweli. Katika karne hiyohiyo ya kwanza mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alieleza njia za meli za Bahari ya Hindi, akataja pwani ya Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, ambako pembe za ndovu na magamba ya kasa vilinunuliwa. Rhapta ilikuwa mahali fulani katika pwani ambayo leo ni ya Tanzania. Pompeii yenyewe ilikuwa na bidhaa za bahari hiyo: sanamu ndogo ya pembe ya ndovu iliyochongwa India ilipatikana humo mwaka 1938, nayo imo katika makumbusho ya Napoli.

Nimekaa sana juu ya mji kwa makusudi, ili uone kwamba saa mbili hazitoshi na pia kwamba siku nzima ya kukimbizana haihitajiki. Eneo lililo ndani ya kuta ni takriban hekta 66, na theluthi mbili hivi tu ndizo zilizochimbuliwa. Hakuna anayelimaliza. Afadhali kuona barabara moja kwa utulivu.

Kwa goti la mama, adui si umbali peke yake. Ni mawe ya barabara yenyewe, makubwa, yaliyopindapinda na kulainishwa na miguu. Habari njema ni kwamba tangu mwaka 2016 ipo njia iliyotengenezwa kwa watu wanaotembea kwa shida na wenye viti vya magurudumu, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, kutoka lango la Piazza Anfiteatro hadi karibu na Porta Marina. Ingieni kwa Piazza Anfiteatro, msiingie kwa Porta Marina kama makundi mengi yanavyofanya, kwa kuwa hapo mtaanza na mwinuko mkali. Kutoka Piazza Anfiteatro uwanja wa mapigano uko hatua chache, kisha mnaifuata Via dell'Abbondanza, barabara kuu ya maduka, hadi pale nguvu za mama zitakapoishia. Mkifika kwenye Bafu za Stabiae, bafu za umma za kale, mtakuwa mmeona vya kutosha. Mkifika kwenye uwanja mkuu wa mji, wenye Vesuvius nyuma yake, mtakuwa mmepata ziada. Mtu mzima mmoja anaweza kwenda na watoto kwenye nyumba za kando huku mwingine akikaa na bibi yao kivulini, ingawa kivuli ni haba, na hilo ndilo tatizo la pili.

Joto la Agosti pale mara nyingi hupita nyuzi 30, na mawe meusi hulirudisha kutoka chini. Msidanganyike kwamba mtu wa Tanga amezoea joto: nyumbani anajua saa za kutoka na za kupumzika, na upepo wa bahari humsaidia. Lango hufunguliwa saa tatu asubuhi. Muwe hapo kabla ya saa hiyo, na kufikia saa sita mchana muwe mnatoka. Beba chupa tupu. Mabirika kadhaa ndani ya magofu yana mabomba ya maji ya kunywa.

Hii ndiyo sababu ninakushauri muhamishe sehemu ya kukaa. Lala Napoli usiku mbili. Treni ya kasi kutoka Roma huchukua takriban saa moja na dakika 10, na kutoka Napoli treni ndogo ya Circumvesuviana, iliyochakaa na yenye msongamano, huwafikisha Pompeii kwa chini ya saa moja. Kwa familia ya watu watano wenye mzee, mimi ningelipa teksi ya bei iliyokubaliwa mapema angalau wakati wa kwenda. Siku ya pili nendeni makumbusho, ambako kuna viti na paa. Wakala akiwauzia siku moja ya "Pompeii pamoja na kilele cha Vesuvius", kataeni. Njia ya kwenda shimoni ni mpando wa changarawe, na mama hataupenda.

Umeuliza pia kuhusu kwingineko. Herculaneum, upande wa pili wa mlima, ni ndogo na imehifadhika vizuri zaidi: kwa kuwa upepo haukuipelekea mawe mepesi kwa wingi, bali ilizikwa na mawingu ya moto hadi kina cha mita 20 hivi, mbao zake ziligeuka mkaa na kubaki, pamoja na ghorofa za juu, ngazi na hata vitanda. Kama isingekuwa ombi la mama, ningewapeleka huko. Lakini usiichague kwa ajili ya hofu ya mtoto, kwa sababu ndiko kulikopatikana mifupa ya watu wapatao 300 katika vyumba vya mashua ufukweni, na mafuvu humtisha mtoto kuliko jasi. Ostia Antica, bandari ya kale ya Roma, ni chaguo la watakaobaki Roma: ni tambarare, ina misonobari ya kutoa kivuli, inafikiwa kwa treni ya kawaida ya mjini, na ina uwanja wa ofisi za wenye meli, wengine wa Afrika Kaskazini, ambao mosaiki zao za ndovu na merikebu ziko palepale sakafuni. Haikuzikwa na mlima. Ilififia kadiri biashara ilivyohama na mto ulivyoleta mchanga. Hufungwa Jumatatu. Ni mahali pazuri, lakini si Pompeii, na mtu aliyeisimulia Pompeii maisha yake yote atajua kwamba amebadilishiwa.

Tiketi nunua mapema kwa jina la kila mmoja, na kila mtu abebe kitambulisho, kwa sababu tangu Novemba 2024 idadi ya wageni imewekewa kikomo cha 20,000 kwa siku. Epuka Jumapili ya kwanza ya mwezi, ambayo kiingilio ni bure na msongamano ni mkubwa. Mkoba usizidi sentimita 30 kwa 30 kwa 15. Kama fedha zinaruhusu, kodi mwongozaji mwenye leseni, na mweleze kwanza hali ya goti na hofu ya mtoto. Mwongozaji mzuri atabadili njia papo hapo, jambo ambalo hakuna maandishi, yakiwemo haya, yanayoweza kulifanya.

Kuhusu mlima: ndiyo, Vesuvius ni hai, na mlipuko wake wa mwisho ulikuwa Machi 1944. Lakini mlima wa namna hii haulipuki kwa nguvu bila dalili, kwa kuwa mwamba ulioyeyuka ukipanda hupasua njia yake, na kupasua huko husababisha matetemeko, kuvimba kwa ardhi na mabadiliko ya gesi. Kituo cha uangalizi cha Vesuvius, kilichoanzishwa mwaka 1841, hupima mambo hayo usiku na mchana. Mkisikia habari za matetemeko karibu na Napoli, mara nyingi huwa ni ya Campi Flegrei, volkano nyingine iliyo magharibi mwa mji. Mwambie mwanao kwamba wapo watu ambao kazi yao ni kuusikiliza mlima, jambo ambalo watu wa Pompeii hawakuwa nalo.

Lililobaki liko nje ya taaluma yangu, nalo ndilo ambalo sitaki ulipuuze. Kabla mama hajapanda ndege, amwone daktari wake na kumwambia wazi kwamba atatembea juani. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huongeza mkojo au hupunguza uwezo wa mwili kuhimili joto, na ni daktari tu anayeweza kusema kama kipimo au saa ya kumeza vibadilishwe. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Bima ya safari, ambayo kwa viza ya Schengen lazima iwe ya angalau euro 30,000, isome uone kama inagharamia dharura zinazotokana na ugonjwa aliokuwa nao tangu mwanzo. Na mkiwa pale, akianza kuhisi kizunguzungu, kichwa kumuuma sana, kichefuchefu au kuchanganyikiwa, msimalizie nyumba iliyo mbele yenu: mkalisheni kivulini, mwiteni mhudumu wa eneo, na kama hapati nafuu upesi pigeni simu 112.